Mkate wa Dinkeli Unaomuumiza Lioba

Mpendwa Mshauri Ottilie,

Nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana naogopa hadi usingizi umenihama. Binti yangu Lioba ana miaka sita, na baada ya Pasaka daktari alimkuta na siliaki, ule ugonjwa ambao gluteni ya ngano inamharibia mtu utumbo, nikafagia jiko lote, nikatupa unga, akaanza kunawiri, lakini sasa tumbo limerudi kuvimba na uso umempauka, na sababu naijua ila sina ujasiri wa kuisema. Tunaishi ghorofa ya juu kwa mama mkwe wangu, Walburga, ambaye kila Jumamosi huoka kwenye tanuri la kijiji ile mikate mirefu ya nafaka iitwayo dinkeli, yenye chumvi na kisibiti, na huku kwetu Swabia kuukataa mkate wake ni kumtukana mbele ya majirani wote. Nilipojaribu alinicheka: "Dinkeli si ngano, mwanangu! Ina protini, ina madini ya chuma, wanne nimewalea kwa mkate huu. Hao madaktari wako wanataka mtoto ale hewa?" Mume wangu akainamia kahawa yake, nami nikamwacha Lioba aendelee kuula, na jana Lioba akaninong'oneza, "Mama, mkate wa Bibi unaniumiza tumbo, ila usimwambie, atalia." Nifanye nini?

Annegret, karibu na Biberach

Annegret,

Pole sana. Wakwe wa huku nawajua, mimi mwenyewe nilikuwa naye mmoja. Kuhusu protini na chuma Walburga hakudanganya: dinkeli ni chakula kizuri, hasa isipokobolewa, kwa tumbo linaloiweza. Alipokosea, kama wengi wetu huku, ni kudhani si ngano. Ni ngano ya kale, na gluteni inayo tele. Kwa Lioba hata kipande kidogo ni sumu.

Na wewe! Unga wa juu kwako ukautupa, wa chini kwa mkweo ukauogopa. Mpigie simu daktari ili mtoto apimwe tena, na Walburga aende nanyi akasikie mwenyewe, maana maneno yako ameshayacheka. Mumeo aweke kikombe chini aongee na mamake. Mkate wa Lioba uokwe jikoni kwako kwa unga wa mchele na mahindi, kwenye trei yake peke yake, kamwe si kwenye tanuri la kijiji lenye vumbi la unga wa kila mtu. Mwombe bibi aje akusaidie kukanda, asije akajiona ametupwa.

Walburga atalia, ndiyo. Mwache alie, atanyamaza. Lakini mtoto wa miaka sita anameza maumivu ili watu wazima wasigombane, na huo mzigo ni wako. Mtue leo.

Ottilie