Simu Inayosema "Picha, Picha"

Mwanangu mpendwa,

Kosa la wengi ni kudhani kwamba tovuti imetimiza viwango vya ufikivu, yaani inatumika na kila mtu hata mwenye ulemavu, pale tu programu ya kukagua inapoonyesha alama ya kijani. Nawe, fundi wangu wa tovuti, umeteleza hapohapo.

Huku sijambo. Paa limeacha kuvuja, na jirani yangu fundi cherehani bado hakaukiwi na maneno. Jana aliniletea shati nikiwa nimefungua ukurasa wa familia uliotutengenezea. Simu ikawa inanisomea kwa sauti: "Picha. Picha. Picha."

Akaangua kicheko. "Mzee, simu yako imeshikwa na kigugumizi!"

Nikacheka naye. Alipoondoka, nyumba ikarudia ukimya wake.

Nimeelewa ulichofanya. Kila picha hutakiwa iwe na maelezo ya maandishi kwa ajili ya asiyeona, nawe ukajaza neno "picha" kila mahali. Programu huangalia kama pamejazwa. Haijui kama pamesemwa kitu. Kutimiza viwango ni asiyeona kutoka kwenye ukurasa akijua yale aliyoyajua anayeona.

Asiyeona huyo ni mimi, mwanangu. Macho yaliniishia kabla mjukuu wangu hajazaliwa, nami sikukuambia, maana sikutaka uache kazi kwa ajili yangu. Kila jioni naufungua ukurasa ule.

Leo hii, kwenye picha ya kwanza ya mjukuu wangu, futa neno "picha", uandike mtoto amefanana na nani.

Ni mimi,
Baba yako