Litungu ya Marehemu Ndani ya Laptop

Selpha, uko? Wanyama amepasuliwa kichwa kwa mazoezi ya kwaya, hapa Kapsoya!

Si unajua alirekodi litungu ya babake, kile kinanda cha nyuzi cha Wabukusu, kabla huyo baba afariki, uzi kwa uzi, akaweka hizo sauti kwa ile programu yake ya kuandika nota? Leo akabonyeza wimbo wake mpya, litungu ikalia.

Mzee Wabuge, ndugu ya marehemu, akasimama. "Nani anapiga?"

"Hakuna mtu, Mzee. Ni kompyuta."

HAKUNA MTU! Aki ya nani, Wanyama alimjibu hivyo. Na ni Mzee alikata nyuzi za hiyo litungu siku ya mazishi, ndio isilie tena bila mwenyewe!

Akamtwanga stuli ya kichwa, akageukia laptop, akaitwanga pia. Damu imejaa kwa keyboard.

Skrini ikazimika, lakini litungu ikaendelea kulia. Mzee akaangusha stuli, akapiga magoti.

"Ndugu yangu, nimekuumiza?"