Salamu za Kila Jumatatu

Nkubu, Jumapili

Shangazi Virginia,

Bwana asifiwe. Huku mvua imeanza vizuri na maharagwe yamechipuka. Mama anauliza kama ng'ombe wako ameshazaa. Naandika kwa mkono kwa sababu barua pepe zangu zimeshakukosea heshima.

Nilipofungua ile tovuti ya kuuza miche ya avokado, marehemu mume wako Muchangi, Baba Kanini, ndiye aliyebonyeza kitufe cha kupendekeza marafiki kabla ya mtu mwingine yeyote. Akaweka barua pepe za wanakwaya wote wa huko kwenu Kianjokoma, na yako. Mimi nikaipanga tovuti iwatumie ujumbe kila Jumatatu kwa jina lake, kisha nikasahau. Nilibeba jeneza lake kwa bega hili, na Jumatatu iliyofuata mkapokea: "Muchangi anakukumbuka. Njoo uone miche mipya."

Kanini alinipigia simu. Alisema wanakwaya wengine walilia, na wengine wakaniita mchawi. Mama amenituma nije niombe msamaha, lakini naona haya hata kukanyaga huko kwenu Embu.

Jana niliketi nilifute jina lake. Tovuti hunionyesha aliyefungua ujumbe na asiyefungua. Wengine wote waliacha. Wewe, Shangazi, umefungua kila Jumatatu tangu mazishi, na siku zingine unaurudia.

Wale wengine nimewaondoa. Wewe sijakugusa. Ukitaka ujumbe ukome, niambie. Usiponijibu nitaelewa, na Jumatatu utaupata kama kawaida.

Mwana wa kaka yako,
Gitobu