Susu, Ndege Ilikuja Siku ya Mazishi Yako

Susu,

Naandika kwenye daftari langu la hesabu la Kidato cha Nne, kwa sababu kurasa za nyuma zilibaki na hakuna tena wa kunisahihishia. Mimi mjukuu wako nimekaa jikoni kwako. Sitakuuliza hali. Nitaanza na habari ambayo wewe ungetaka kuisikia kwanza: ile ndege ilikuja.

Ilikuja siku tuliyokuzika.

Uliingoja misimu miwili ya mvua. Unakumbuka siku chifu alipotangaza barazani kwamba sehemu yetu itapigwa picha kutoka angani ili ichorwe ramani mpya? Alisema gharama itagawanywa, serikali ya Nairobi itoe nusu na kaunti itoe nusu. Mimi nilikuwa nyuma yako, nimejificha kwa leso yako kama kawaida. Ukasema kwa sauti, "Kumbe hata serikali hufanya harambee!" Chifu mwenyewe akacheka. Baadaye, kila ulipouliza mbona ndege haiji, ukaambiwa upande mmoja uko tayari na mwingine bado, na ndege haiwezi kuruka kwa mchango wa mtu mmoja. Hukukasirika. "Ni kama chai," uliniambia. "Mmoja ameleta majani, tunangoja mwenye maziwa."

Watu wa ramani walikuwa wameshatangulia kuweka alama pale kwenye mwamba wetu, kwa sababu ni tambarare na hauna miti. Msalaba mkubwa wa mawe yaliyopakwa chokaa, ili uonekane kutoka juu na wao wajue picha ikae wapi kwenye ramani. Jirani Kioko alikuja mbio mpaka kwenye ua. "Mama, wamekuwekea X! Hapa panabomolewa!" Nawe ukamjibu bila kuinua kichwa, "Ya kubomoa ni nyekundu, Kioko. Hii ni ya kuonekana."

Walikuomba uitunze tu. Wewe ukaifanya kama kazi ya kuajiriwa. Kila mvua ikinyesha tulipanda na ndoo ya chokaa, wewe ukionyesha kwa fimbo, mimi nikipaka. Mbuzi walipenda kulala pale kwa sababu mawe hupata jua mapema. "Mutheu! Mbuzi wamelala kwa ramani, wafukuze!" Sentensi hiyo naisikia hadi leo. Siku hizi mbuzi wakilala pale nawaacha.

Wiki uliyolazwa, chifu alitangaza kwamba pande zote mbili zimetoa. Nilikuja hospitali nikiwa na habari hiyo mdomoni. Ulikuwa umelala, na kando yako kulikuwa na mgonjwa mwingine na wageni wake wengi, nikaona haya kukuita mbele yao. Nikasema nitakuambia kesho.

Sasa nikuambie ile siku yenyewe. Nimeichelewesha makusudi.

Watu walikuwa wengi, Susu. Vijana wa hema walikosa kitu cha kushikia kamba, wakapanda mwambani, wakachukua mawe yetu. Niliwaona. Nilisimama mlangoni pa ghala na sikusema kitu. Unanijua. Mchungaji alipoanza ibada ya kaburini, tukasikia ndege. Ilienda, ikageuka, ikarudi, kama mtu anayelima na ng'ombe, mstari kando ya mstari. Jeneza lilikuwa tayari juu ya kamba. Nikatoka. Nilipita nyuma ya watu wa kwaya, nikachukua ndoo, nikapanda mwambani, nikaanza kumwaga chokaa kwa mikono pale mawe yalipokuwa. Huku chini wajukuu waliitwa mmoja mmoja kutia mchanga. Anti Mbithe aliita jina langu mara tatu. Nilisikia zote tatu. Nilirudi uani baada ya shimo kufukiwa, mikono ikiwa nyeupe mpaka kwenye viwiko, na Anti aliponiuliza nilikuwa wapi, nikasema nilikuwa nyuma, na kwaya.

Tangu hapo Anti hajaniuliza kitu kingine. Huleta maharagwe, huangalia mbuzi, huenda. Mama yangu alirudi kazini Syokimau na hupiga simu Jumapili. Matokeo yangu si mabaya, ila bado tunatafuta njia ya chuo. Bado napika chakula cha watu wawili, muthokoi wa mahindi na maharagwe, halafu nakula huo huo siku mbili. Na kuna jambo ambalo hata Mama hajui: sijawahi kufika kwenye kaburi lako. Liko hapa hapa, hatua thelathini kutoka jikoni. Nikienda kuteka maji nazunguka nyuma ya ghala ili nisilione. Nimeshatengeneza njia mpya kwenye nyasi kwa kuzunguka.

Jumanne iliyopita picha ziliwasili. Watu wa ramani waliunganisha madawati katika shule ya msingi, wakazitandaza, tukaitwa kila mtu aonyeshe mpaka wake, njia zake na mahali pa maji. Sikutaka kwenda, lakini nani angeonyesha mpaka wako? Susu, ni nzuri kupita nilivyofikiri. Matuta ya mashamba yanaonekana kama kichwa kilichosukwa vizuri. Watu walikuwa wakisukumana kama watoto. "Hii ni nyumba yangu! Na huyo ni punda wangu!" Kioko naye akaweka kidole kwenye choo chake. "Na mimi niko humu ndani, msiangalie." Wakacheka mpaka mwalimu akatoka darasani.

Halafu Kioko akainama karibu na picha. "Ngojeni," akasema. "Hizi ni hema. Haya ni matanga ya Mama."

Uko kwenye ramani, Susu. Hema mbili, magari kando ya barabara, na watu kama punje za wimbi zilizomwagwa, wote wameelekea sehemu moja ndogo ya udongo mwekundu. Na juu, kwenye mwamba, msalaba uliopinda, na karibu nao nukta moja yenye kivuli. Mwanamke mmoja, mpima wa ramani, akaweka kalamu hapo. Akauliza, "Nani huyu? Alama nyingine za upande huu zilikuwa zimefutika. Huyu alitusaidia sana."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini walishajua ni mimi. "Mjukuu wa Mama!" Kioko akapaza sauti. "Hata siku ya mazishi hakuacha kazi aliyoachiwa!" Wakanipigia makofi. Anti Mbithe hakupiga. Alikuwa ameinama juu ya picha, akiangalia ile nukta, kisha kaburi, kisha ile nukta.

Ningeweza kuliacha hivyo. Ni hadithi nzuri, na watu wanaipenda. Hata wewe ningeweza kukudanganya, kwa sababu huwezi kuniuliza. Lakini tukirudi nyumbani, Anti akiwa mbele na mwavuli wake wa jua, niliuambia mgongo wake, "Anti, sikukimbilia alama. Nilikimbia kaburi."

Akasimama. Sikuwa nimewahi kumwambia kitu kabla hajaniuliza.

"Nilikuita mara tatu," akasema.

"Nilisikia."

Upepo ukapiga kitambaa cha mwavuli wake. Kisha akasema, "Basi mchanga wako bado haujatiwa." Akaendelea kutembea. Sijui kama ilikuwa hasira. Aliponipa yale maharagwe langoni alinishika mkono kidogo, halafu akauachilia.

Susu, nilipokuwa namwaga ile chokaa sikufikiria ramani hata kidogo. Nilifikiri kwamba kama sitaangalia, utakuwa bado hujashushwa. Nimeishi hivyo miezi saba. Nakupikia. Nazunguka ghala. Nimechoka.

Kesho asubuhi, nikishawafungulia mbuzi, nitapita mbele ya nyumba. Nitakuja peke yangu, bila Anti, bila Mama. Huenda nikasimama njiani. Huenda nikarudi nyumbani na kuanza upya, lakini nakuahidi kwamba jua la kesho halitatua kabla sijafika. Sitakuwa na maneno, unajua siyawezi. Nitachukua mchanga kwa mkono wangu na kuutia, hata kama kaburi limeshajaa.

Pumzika, Susu wangu.

Mutheu