Hadithi Ulizombadilishia Mama

Nduku rafiki yangu,

Barua huanza kwa kujuliana hali, lakini yako sijui niiulize vipi. Sisi huku Shauri Moyo tupo. Mfereji wa uani bado unavuja, na jirani yenu bado hujifanya mgonjwa zamu yake ya kuosha choo ikifika. Mama yako anaishi. Sisemi ni mzima, na lawama ni yangu.

Tuliporudi kutoka Ukambani kukuzika, aliniita. Alikuwa mlangoni kama kawaida, anasugua kwa msasa twiga waliochongwa na baba yako. "Rosa, wewe umesoma," akasema. "Njoo Jumamosi unisomee vile vitabu vya Nduku." Alitaka vile vinene vya hadithi fupi za ajabu ulivyookota kwa wauza vitabu wa barabarani, kila kimoja na waandishi wake chungu nzima: majoka yanayobishana, miji iliyo chini ya maji. Nilifurahi, Nduku. Nilijiona mrithi.

Basi nikawa nasoma Kiingereza kimoyomoyo, namwambia kwa Kiswahili, naye anasugua. Lakini alinikatiza mno. "Huyo hakufa. Nduku alisema alirudi." Ama: "Hapana, yule joka alimwachilia mtoto." Mimi nami, karani wa watu, nikamwonyesha mstari kwa kidole. "Mama, imeandikwa hapa." Nilidhani amesahau. Nilimhurumia, hata!

Na uliwahi kuniambia, tukishuka kwenda Gikomba: "Mathee wangu hapendi story ya kuisha vibaya. Mimi huzipinda tu." Nikacheka, nikafikiri ni utani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Halafu tukafika ile ya msichana aliyeingia ziwani kutafuta kioo cha mamake. Kitabuni harudi. Mama anabaki ufukweni, hadithi imekwisha. Nikaisoma hivyo hivyo, kavu, kama notisi ya kanjo wa jiji. Mama yako akaweka msasa chini.

"Kumbe alikuwa ananidanganya."

Nikaanza kueleza kwamba ulimpenda, ndiyo maana. Hakunisikia. Akasema polepole, "Na kule hospitali je? Kila nikimuuliza, alikuwa akiniambia, 'Sisikii uchungu, Mama.'"

Nduku, nisamehe. Ulichomjengea kwa miaka, mimi nilikibomoa kwa alasiri moja, tena kwa majivuno. Nilitembea hadi kwetu nikijitukana barabarani watu wakinitazama.

Wiki iliyofuata hakukitoa kitabu. Nilikaa namsaidia kupaka twiga kiwi, ile rangi ya viatu, vidole vyangu vikawa vyeusi. Mwishowe nikamwomba anisimulie yeye ile ya ziwa, jinsi ulivyomwambia. Akakataa. Nikaomba tena. Akasema msichana alitoka majini amelowa chapachapa, kioo mkononi, na badala ya kusalimu akauliza kama muthokoi umebaki sufuriani. Nikaangua kicheko, maana huyo ulikuwa wewe, mlafi wewe! Naye akacheka. Ndipo akalia, nami nikalia, kiwi ikatupaka nyuso zote mbili.

Alipojipangusa akanigeukia. "Wewe ulikuwa ukilala naye kule wodini. Niambie ukweli. Aliumia?"

Unajua nilichokiona. Unajua ulivyouma shuka ili wagonjwa wengine wasikusikie, na ulivyoniapisha kuifua kabla mama hajaja asubuhi. Hilo siliandiki zaidi ya hapa.

Nikamtazama machoni. "Hapana, Mama. Ulikuwa usingizi tu."

Sijui kama aliniamini. Alichukua mkono wangu mchafu akaufunga ndani ya mikono yake, akasema, "Asante, mwanangu," kisha akarudia twiga wake.

Bado nina hatia, sitakuficha. Kuna usiku nauliza ni nani amenipa ruhusa ya kumficha mama jinsi mtoto wake alivyokufa. Lakini nimeshachagua, na sirudi nyuma. Pumzika, rafiki yangu. Nakuahidi Jumamosi nitakuwa pale, na hata aniulize mara mia, hata nikizeeka naye, utakuwa ulilala tu.

Wako,
Rosa