Mwenyekiti wa Misiba

Kassel, 18 Agosti 2019

Mwanangu Method,

Hamjambo hapo Mansfield, Texas, tangu niwaache? Wajukuu wangu wazima? Mgongo wa mkeo Joyceline umepona? Mimi mzima, goti tu linanikumbusha umri kila ninapopanda ngazi za dada yako, naye anakaa ghorofa ya tatu. Nakuandikia kwa tableti yake kwa sababu kwenye simu, kila nikifika penye maana, ndipo wewe unapoingia kazini.

Abigail na Torsten wamenipokea vizuri mno. Huyu mkwe wetu Mjerumani ni mtu wa utaratibu hadi unamwonea huruma. Juzi tumefika barabarani, hakuna gari wala baiskeli, akasimama kungoja taa ya kijani. Nilipotaka kuvuka akanishika mkono. Abigail akanitafsiria: "Anasema watoto wanatuona, Mama." Nikageuka kuwatafuta hao watoto. Sikuona hata paka.

Jumapili nikaamua kuwatwangia karanga. Jirani wa chini akapanda, mtu mzima, suruali imenyooshwa, akanionyesha saa yake. Nikadhani ananikumbusha misa. Kumbe Jumapili hapa hakuna kutwanga, hakuna kupigilia msumari, hata chupa tupu hazitupwi kwenye pipa la vioo zisije zikalia. Jioni hawapiki. Ni mkate, jibini na tango, na watu wazima wanashiba!

Jumamosi Abigail ananipeleka kwa baba yenu. Ulikuwa na miaka sita Sospeter alipokuja huku kusomea misitu, na minane alipokufa kwa ajali ya gari, Novemba ya 1994. Wenzake wanafunzi ndio waliomzika, maana sisi kule Bukoba hatukuwa na jinsi ya kumrudisha. Kaburi lake nalijua kwa picha tu. Nimenunua kitambaa kipya cha kichwa.

Mama yako

Mansfield, 2 Septemba 2019

Mama mpendwa, shikamoo,

Sisi wazima, mgongo wa Joyceline ni afadhali. Mdogo anauliza kila siku, "When is Bibi coming home? Daddy burns the rice." Si uongo.

Samahani kwa kuchelewa. Mzee Elibariki wa Houston alifariki, na wamenichagua tena kuwa mwenyekiti wa misiba wa Watanzania wa huku. Nimekwenda Houston na kurudi sijui mara ngapi. Kibali cha ubalozi, jeneza, ndege, kila kitu. Jumatano mwili ulifika KIA, na jana tumetumiwa picha: amezikwa kwake Machame, mtoto wake wa kwanza akitangulia kutia udongo. Watu wamenishukuru hadi nikaona haya.

Umetuchekesha na karanga zako. Msalimie mzee kaburini.

Mwanao

Kassel, 15 Septemba 2019

Mwanangu Method,

Mko salama? Goti limetulia, moyo ndio haujatulia, kwa hiyo soma ukiwa umekaa.

Makaburi ya huku ni bustani. Kila kaburi na maua yake, na kwenye bomba zimetundikwa keni za kumwagilia. Watu wanakuja na reki ndogo, wanawapalilia wafu wao, wanaondoka bila kelele. Njiani tulimkuta bibi mmoja, Hannelore, anafahamiana na dada yako. Kwenye jiwe la mumewe jina lake yeye Hannelore limeshachongwa, na tarehe ya kuzaliwa, pameachwa nafasi ya ile nyingine. Nilishtuka. Yeye anacheka, anasema jambo likipangwa mapema halisumbui watu.

Kaburi la baba yako ni safi, Abigail hulitunza. Lakini jiwe limebandikwa karatasi ya kijani. Ndipo dada yako akanikalisha kwenye benchi akaniambia kwa nini hasa aliniita mwaka huu. Huku kaburi si la milele, Method. Mtu hupewa muda wake ardhini, baba yako alipewa miaka ishirini na mitano. Muda ukiisha jiwe linaondolewa, panasawazishwa, panapandwa nyasi, na baadaye analazwa mtu mwingine. Makaburi ya familia huongezewa muda. La kwake liko kwenye mstari wa watu waliokufa peke yao, halina nyongeza. Abigail ameuliza ofisini, wakamjibu kwa adabu kwamba mwisho wa Novemba wanakuja. Kumfukua tumrudishe Bukoba nako tumeuliza. Wanasema baada ya muda wote huu hawaahidi kama kuna cha kubeba. Nililia pale pale kwenye benchi, kisha nikakubali.

Ila kuna moja sijakubali. Baba yako alizikwa bila mrithi wake kutangulia kutia udongo. Unajua kwetu maana yake: mtu huyo hajazikwa, amefukiwa tu. Mrithi ni wewe. Njoo kabla hawajasawazisha, uchote konzi moja ya udongo, umrushie baba yako, umuage. Siku moja yatosha. Sijakuomba jambo kubwa tangu nikuzae, na sitakuomba jingine.

Mama yako

Mansfield, 6 Oktoba 2019

Mama, shikamoo,

Pole sana kwa habari hizo. Sisi wazima. Nimekaa nayo barua yako, ndiyo maana nimechelewa.

Naomba nikwambie ukweli bila kukukosea adabu. Mimi mzee simjui. Ninachokumbuka ni mgongo wake akipanda meli pale bandarini Bukoba, na shati la bluu. Hakugeuka. Wewe ndiye uliyenilea. Nikijaribu kumlilia nashindwa, najiona naigiza. Huo udongo niurushe kwa moyo gani? Na hospitali hapa Arlington watu wawili wameacha kazi chumba cha eksirei, shifti zote zimeniangukia. Abigail si mtoto wake? Kwa nini asitangulie yeye?

Nisamehe, Mama.

Mwanao

Kassel, 9 Oktoba 2019

Method,

Afya yangu nzuri. Barua yako nimeisoma mara moja, imenitosha.

Hakugeuka kwa sababu alikuwa analia, naye alikuwa mwanamume wa Kihaya aliyevaa shati jipya mbele ya watu. Mimi nilisimama upande wa ngazi, uso wake niliuona.

Mzee Elibariki ulimjua? Ulimwona kwenye sherehe moja ya Muungano, akakupa mkono, basi. Kwa ajili yake ulilala Houston, ukahakikisha mwanawe anatia udongo, ukarudi kunisimulia kwa fahari. Ni kazi njema, sikukatazi. Lakini ndiyo mganga hajigangi hadi hapo? Na nani amesema habari za kulia? Mimi nataka usimame pale. Abigail atarusha lake, na lake ni la pili.

Mama yako

Mansfield, 28 Oktoba 2019

Mama, shikamoo,

Umenichapa, na nimestahili. Tiketi ninayo. Naondoka Dallas Alhamisi tarehe 21 Novemba, Ijumaa niko Frankfurt, Abigail anipokee. Jumamosi tunakwenda kwa mzee, Jumapili narudi. Joyceline amefurahi kuliko mimi. Niambie nivae nini. Na kama kuna maneno ya kusema nifundishe, sitaki kuaibika mbele yake.

Mwanao

Kassel, 2 Novemba 2019

Mwanangu mpenzi,

Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Tangu barua yako ifike nalala hadi asubuhi. Vaa koti zito, huku jua limeshaaga. Maneno ni machache: mwite kwa jina lake lote, mwambie wewe ni nani. Mengine anayajua.

Nimemwambia Hannelore kwamba mwanangu anakuja. Anasema huku baada ya mazishi watu hunywa kahawa na kula keki, kwa hiyo Jumamosi ile saa tisa tumealikwa kwake, watu wanne, na keki ya plamu. Wiki tatu kabla! Nilicheka, halafu machozi yakanitoka. Sospeter ataandaliwa kahawa kama mtu mwenye ndugu.

Mama yako

Barabara ya Houston, 21 Novemba 2019

Mama, shikamoo,

Nakuandikia nikiwa kituo cha mafuta. Elphas wa Sugar Land amefariki jana, ghafla, moyo. Unamkumbuka, yule mrefu aliyekubebea mizigo uwanja wa ndege. Ameacha watoto watatu. Mkewe alinipigia mimi wa kwanza. Begi langu lilikuwa mlangoni, Mama, naapa. Lakini yule dada hajui aanzie wapi, hana ndugu Texas nzima, na kamati yote inaniangalia mimi.

Nimesogeza tiketi hadi Jumamosi ijayo, tarehe 30. Abigail awaombe watu wa makaburi wangoje kidogo tu. Wajerumani nao ni binadamu. Nisamehe, nisingeweza kumpita.

Mwanao

Mansfield, 4 Desemba 2019

Mama, shikamoo,

U mzima? Sijapata jibu lako. Abigail naye ananijibu neno moja moja. Tiketi imebidi niiahirishe tena kwa kuwa mwili wa Elphas umeondoka jana tu. Je, walingoja? Niambie hata kwa kunitukana.

Mwanao

Mansfield, 26 Desemba 2019

Mama,

Shikamoo. Abigail anasema uliondoka kwao kabla ya Krismasi na kwamba utaniandikia mwenyewe. Umeondoka kwenda wapi? Hapa hukufika. Nimekwenda uwanja wa ndege kwa ujinga tu, nikasimama pale wanapotokea abiria. Chumba chako kiko kama ulivyokiacha.

Mwanao

Bukoba, 19 Januari 2020

Mwanangu Method,

Hamjambo? Mimi mzima, niko nyumbani. Goti limeitambua ardhi ya kwao, nakwenda hadi kanisani bila fimbo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na barua ya hasira ikishatumwa hairudi. Sasa imepungua. Haijaisha.

Walikuja Ijumaa tarehe 29 asubuhi, kama walivyosema. Abigail alikuwa amewaomba. Afisa wao alimsikiliza hadi mwisho, akampa pole, na siku ikabaki ile ile. Hawakuwa watu wabaya. Wanaume wawili na mashine ndogo, walivua kofia walipotuona.

Torsten alichukua likizo siku nzima, akavaa suti. Kabla hawajawasha mashine akamwuliza Abigail kama kwetu mkwe anaruhusiwa kutangulia kutia udongo. Niliwaza kidogo. Wewe hukuwepo, na mashine ilikuwa inangoja. Nikamwambia achote. Alimwita Sospeter kwa majina yake yote, akamwambia yeye ni nani, kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika alichofundishwa na dada yako. Kisha Abigail, kisha mimi. Halafu wakaondoa jiwe, wakapiga reki, wakamwaga mbegu za nyasi. Nilitaka kujua mahali alipoishia yeye na alipoanzia jirani yake, sikuona tena. Kwa hiyo baba yako amezikwa. Usihangaike na tiketi.

Sikulaumu kwa Elphas. Mkewe alikuhitaji, ukaenda, Mungu akulipe. Ila tangu siku ile nimejiuliza jambo moja. Siku yangu ikifika nikiwa Mansfield, utafanya nini? Utaniandaa vizuri, najua, hakuna anayekushinda. Jeneza zuri, picha nzuri, watu watakushukuru. Kisha utapigiwa simu kutoka Sugar Land, na mimi nitasindikizwa na kamati hadi kwenye ndege, na huku nitapokelewa na watu wanaouliza mrithi yuko wapi. Nimeogopa, Method. Ni aibu mama kumwogopa mwanawe kwa jambo kama hilo, lakini ndivyo ilivyo, na sitakuficha.

Ndiyo maana nimejisafirisha mwenyewe nikiwa hai. Sirudi Mansfield. Nguo zangu wape akina mama wa kanisani, sufuria abaki nazo Joyceline. Wabusu wajukuu, waambie Bibi yuko kwake, na mlango uko wazi wakitaka kuja, na wewe pia.

Baba yako mdogo nimeshamwonyesha mahali, nyuma ya jiko, kwenye migomba, kando ya mama mkwe. Nimemwambia siku ikifika asisubiri mtu.

Mama yako