Chupa Tatu za Vijidudu na Kisima cha Bibi

KAMATI YA KLABU YA SAYANSI: KIKAO CHA NNE (CHA DHARURA)

Siku: Jumatano, saa 9:40 alasiri
Mahali: Maabara ya baiolojia, meza ya nyuma

Waliohudhuria: Mwenyekiti (anayeitwa Profesa), Makamu wake (anaishi na bibi yake), Mlezi (mwalimu wa baiolojia), Katibu.
Mwalikwa: Fundi magari wa gereji jirani.
Asiyehudhuria: Mweka Hazina, bila taarifa.

KUMB. NA. 1/4: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwaomba wajumbe wasinuniane. Makamu alisema hawezi kuahidi.

KUMB. NA. 2/4: CHUPA
Mlezi alikumbusha kwamba vijidudu vilitolewa kwenye udongo wa gereji uliolowa oili kwa miaka mingi. Baada ya kulishwa matone ya dizeli miezi minne, vya chupa tatu vilikuwa vinaila. Vilikusudiwa kusafisha kisima cha bibi yake Makamu, kilicho nyuma ya gereji, ambacho maji yake yananuka dizeli. Alisema vya kununua kutoka ng'ambo vilijaribiwa mwaka jana vikafa kwa joto. Hivi vilikuwa vyetu, wenyeji wa hapa hapa.

Mwenyekiti alieleza kwamba Jumatatu, kabla ya wakaguzi wa shule kufika, alikusanya vyombo vyote visivyo na lebo akavichemsha, kama kanuni ya sita ya klabu inavyoagiza. Makamu aliuliza kanuni hiyo aliiandika nani. Mwenyekiti alijibu kwamba ni yeye.

"Hongera, Profesa," Makamu alisema. "Umewapika supu."

Mwenyekiti aliomba maneno hayo yasiandikwe. Mlezi aliamua yaandikwe.

Katibu alikiri kwamba ndiye aliyebandua lebo za chupa hizo Ijumaa, ili aziandike upya kwa mwandiko mzuri.

KUMB. NA. 3/4: KUANZA UPYA
Mlezi alimwomba Fundi udongo mwingine. Fundi alisema ameshauzoa wote na kumwaga zege.

"Si nyinyi wenyewe mlioniandikia, mwalimu? Eti nizuie oili isiingie ardhini. Nikasema watoto wamesoma hawa, niwasikilize."

Alitoa barua mfukoni. Ilikuwa ya klabu.

Makamu aliuliza kuhusu udongo wa kisimani. Mlezi alisema ulipimwa mara mbili na haukutoa kijidudu chochote cha kufaa.

KUMB. NA. 4/4: KISIMA
Makamu alieleza kwamba bibi yake huuliza kila asubuhi, "Mjukuu wangu, wale wadudu wenu wanakuja lini?" Ameshasema kuwa wasipokuja mwezi huu atakifukia, mtoto wa jirani asije akanywa.

Ilikubaliwa kwamba wajumbe wote wafike Jumamosi saa mbili asubuhi na majembe, wamsaidie kukifukia. Fundi aliahidi toroli.

Iliulizwa nani atamwambia Bibi. Mwenyekiti alijitolea.

"Hapana," Makamu alisema. "Wewe anakupenda. Aendelee kukupenda. Nitamwambia mimi."

KUMB. NA. 5/4: KUFUNGA
Hapakuwa na mengineyo. Watu waliondoka mmoja mmoja, wa mwisho saa 10:50.

Mwenyekiti: (saini)
Katibu: (saini)